Ujumbe wa LUKU unafika, wa kipindi haufiki. Kwa nini?

Baridi ya Songea imeshaanza kuuma, watu tunaingia darasani na makoti kama tuko Makete. Lakini leo siandiki habari za baridi. Nina hoja moja nimekuwa nikiitoa pale kwenye kibanda cha chipsi, na kila nikiitoa inamezwa na ubishi wa Simba na Yanga. Nimeona bora niiweke hapa niimalize.

Hoja yenyewe ni hii. Mtu akinunua umeme wa elfu mbili usiku wa manane, ujumbe wenye tarakimu 20 za LUKU unaingia kwenye simu yake kabla hajaweka kiberiti chini. Mama anayeuza dagaa wa Nyasa pale sokoni akilipwa kwa M-Pesa, ujumbe unaingia mteja akiwa bado amesimama mbele yake. Hakuna mtu ofisini anayekaa kuandika ujumbe ule. Kitu kimetokea upande mmoja, mashine imeona, ujumbe umetoka upande wa pili. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo jambo hili tumeishi nalo miaka mingi, na bibi zetu kijijini wanalijua vizuri kuliko sisi tunaojiita wasomi.

Sasa njoo chuoni. Kipindi cha mtandaoni kikihamishwa kutoka Jumamosi kwenda Ijumaa, taarifa inatupwa kwenye kundi la WhatsApp saa 4 usiku, katikati ya picha za harusi na matangazo ya viatu vya mtumba. Mwenye bando ataiona. Asiye na bando atakuja kuambiwa na wenzake kwamba kipindi kimeshapita. Yaani tumeweza kwa umeme, tumeweza kwa dagaa, tumeshindwa kwa masomo!

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo. Si dogo. Muhula uliopita dada mmoja wa darasani kwetu alikuwa mafunzo kwa vitendo kijiji kimoja kule wilaya ya Nyasa. Anayo simu janja, tena nzuri. Ila bando lilikwisha Alhamisi, na kijiji kile mtandao unashika ukipanda juu ya kilima. Akapanga Jumamosi apande na vocha yake mpya, afanye prezentesheni yake mbele ya mhadhiri. Muda ukabadilishwa Alhamisi hiyo hiyo usiku. Jumamosi amefika kilimani, amefungua Zoom, hakuna mtu. Prezentesheni ile ilikuwa na maksi. Zile maksi hazikurudi, akaangukia kwenye sapu, na sapu maana yake ni nauli, chumba, na likizo nzima imeliwa. Alipojaribu kujieleza akaambiwa "tangazo lilikuwa kwenye grupu". Na kweli lilikuwepo. Hapo ndipo ninapochoka.

Angalieni vizuri: siku ile yote simu yake ilikuwa inapokea SMS. Nusu saa kabla ya kipindi alitumiwa ujumbe na mtandao wake wa simu, kwamba ajiunge na bando la wiki. Kampuni ilimpata. Chuo hakikumpata.

Haya, dawa ipo, na wala haihitaji mtaalamu kutoka Dar. Siku hizi kuna programu za katikati, kazi yake ni kuunganisha programu nyingine zisizofahamiana. Zapier ni moja, ilianzishwa Marekani mwaka 2011. Make ni nyingine, ya kutoka Czech, zamani ikiitwa Integromat. Ipo n8n ya Wajerumani, ambayo unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Zote zinafanya jambo moja: unachora njia. "Hiki kikitokea huku, fanya kile kule." Huandiki kodi hata mstari mmoja (kodi ya kompyuta jamani, ile ya TRA iko pale pale). Unabonyeza visanduku na kuviunganisha kwa mistari, kama mtoto anayepanga vizibo vya soda.

Kwa mfano wetu njia inakuwa hivi. Mhadhiri anapanga kikao kwenye Zoom au kwenye kalenda ya Google kama anavyofanya siku zote. Programu ya katikati inaona kikao kipya. Inafungua jedwali lenye majina na namba za wanafunzi wa somo lile. Inakabidhi ujumbe kwa kampuni inayotuma SMS za jumla, na hizo tunazo hapa hapa: Africa's Talking ya Kenya ipo tangu 2010, na Dar wapo Beem. Ujumbe unaenda siku moja kabla, unaenda tena saa moja kabla. Na mhadhiri akibadilisha muda, programu inaona badiliko na kutuma ujumbe mwingine papo hapo, bila CR kuamshwa usingizini.

Mimi nasema hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Kukumbushwa kipindi ambacho tayari kipo kwenye ratiba ni starehe. Kuambiwa kwamba ratiba imebadilika ni haki.

Ujumbe wenyewe usiwe hotuba. SMS moja ina nafasi ya herufi 160, na Kiswahili chetu kinaingia vizuri kabisa kwa sababu hakina herufi za ajabu. Mfano: "Kipindi cha Mbinu za Utafiti kimehama. Sasa ni Ijumaa 12 Juni saa 1 usiku, si Jumamosi. Linki ni ile ile. Jibu 1 utakuwepo, 2 huna mtandao." Hapo hujafika hata herufi 140. Ila kuna mtego mmoja wa kuchekesha. Ukiandika ujumbe wako kwenye Word kisha ukaunakili, ile alama ya juu ya ng'ombe inageuka kuwa ya kupinda, na SMS ikikutana na alama hiyo inabadilisha mfumo mzima, nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukiweka na kikatuni cha kucheka, mambo ni yale yale. Ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Ng'ombe mmoja anakula bajeti ya darasa zima!

Na bajeti ndiyo swali la kwanza mtakaloniuliza, nawajua. Kwa bei ya jumla, SMS moja haifiki bei ya andazi. Kinachouma ni kwingine. Mpango wa bure wa Zapier unakupa kazi 100 tu kwa mwezi. Darasa la watu 60, ukiipanga itume kwa mmoja mmoja, kipindi cha kwanza kinakula 60 na cha pili hakifiki mwisho. Kwa hiyo ipange ikabidhi orodha nzima kwa mara moja, kampuni ya SMS ndiyo isambaze. Zoom ya bure nayo inakata kikao baada ya dakika 40, na kipindi cha saa mbili mnakigawa vipande vitatu kama mkate, kila kipande na linki yake. Hayo yote yanahesabika na yanalipika. Chuo kinacholipia mabango ya mahafali hakiwezi kuniambia kinashindwa kulipia SMS.

Kuna rafiki yangu mmoja hupenda kusema, "Kaka, acha mambo ya kizungu, haya ni ya Ulaya huko." Namjibu kila siku kwamba hajui historia ya kwao. Rapidpro, programu ambayo UNICEF waliitoa mwaka 2014 na ambayo inakuwezesha kuchora mazungumzo ya SMS bila kodi yoyote, ilijengwa na kampuni ya Nyaruka yenye mizizi yake Kigali. Kigali, siyo California. Uganda nao walianza U-Report mwaka 2011, vijana wanaulizwa maswali kwa SMS na wanajibu kwa simu za kawaida. Kazi hii ya kuunganisha mitambo na SMS imepikwa hapa hapa kwetu, kwa sababu hapa ndipo simu zilikuwa nyingi na intaneti ilikuwa ya kubahatisha.

Tena mfano mzuri kuliko wote ni wa Tanzania yenyewe. Mwaka 2009 hadi 2010 ulifanyika mradi ulioitwa SMS for Life, katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Wizara ya Afya ilikuwemo, na Novartis, IBM na Vodafone walikuwemo. Tatizo lilikuwa dawa za malaria. Zahanati inaishiwa, wilayani hawana habari, na zahanati ya jirani inazo za kumwaga. Wakafanya jambo rahisi mno. Kila wiki mtambo unatuma SMS kwa mhudumu wa zahanati kumuuliza amebakiwa na dawa kiasi gani. Anajibu kwa simu yake mwenyewe. Akijibu kwa wakati, anapata salio kidogo la shukrani. Asipojibu, anakumbushwa. Majibu yanajipanga yenyewe na viongozi wa wilaya wanayaona. Vituo vilikuwa 129 na majaribio yalichukua wiki 21. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu moja. Mtambo ule haukumtangazia mhudumu. Ulimuuliza. Na alipojibu, kuna mtu mwenye gari na ufunguo wa stoo aliyepaswa kufanya kitu. SMS peke yake haikupeleka kidonge hata kimoja Ulanga. Watu ndio walipeleka. SMS iliwanyima kisingizio cha kusema hatukujua.

Hapo ndipo mimi na wenzangu wengi wanaopenda teknolojia tunapoachana njia. Wao wakisikia kuunganisha Zoom na SMS wanafikiria kipaza sauti. Chuo kinasema, mwanafunzi anasikia, basi. Mimi kipaza sauti hicho nakiogopa, na nitawaambia kwa nini. Leo dada yule anaambiwa "tangazo lilikuwa kwenye grupu". Tukiweka mtambo wa upande mmoja, kesho ataambiwa "ulitumiwa ujumbe, mtambo unaonyesha". Tutakuwa tumenunua mashine ya kumtia hatiani kwa ushahidi mzuri zaidi. Simu ilikuwa imezimika, umeme ulikatika siku mbili, laini alimwazima mdogo wake, hayo mtambo hauyajui. Kutumwa siyo kufika, na kufika siyo kusomwa. Kampuni za SMS zinatoa taarifa ya ujumbe gani umefika kwenye simu na upi umekwama. Mtambo usiosoma taarifa hiyo na kumwambia mhadhiri "hawa saba hawajapata", mimi siutaki.

Ndiyo maana katika ule mfano wangu niliweka "Jibu 1, jibu 2". Yale maneno machache ndiyo moyo wa hoja hii. Wanafunzi kumi na wawili wakijibu 2 kwamba hawana mtandao, mhadhiri anajua kabla ya kipindi kwamba moja ya tano ya darasa haipo, na haipo kwa sababu ya mlima, siyo kwa sababu ya uvivu. Anaweza kusogeza muda. Anaweza kurekodi sauti na kuiacha kituoni. Anaweza kusema prezentesheni zenye maksi zitafanyika watu wakirudi. Akiamua kuendelea tu, ni haki yake, lakini ameamua akiwa anajua, na jina lake lipo kwenye uamuzi huo. Sasa hivi hakuna aliyeamua chochote. Mambo yanatokea tu, na anayeumia ni yule aliye mbali zaidi na lami.

Kwa mkoa kama Ruvuma hili siyo nadharia. Songea mjini tuna nafuu, umeme wa gridi ya taifa tunao tangu 2018 na zile jenereta za dizeli tumezisahau. Lakini wenzetu wakienda mafunzo kwa vitendo wanasambaa Tunduru, Namtumbo, Madaba, milima ya Umatengo mpaka ziwani. Huko ndiko chuo kinapopimwa. Mwanafunzi aliyeko bwenini, mita mia mbili kutoka darasani, hata ukimpigia filimbi anakuja.

Sasa niseme na mabaya yake, msije mkasema nimelipwa.

La kwanza, programu hizi nyingi zinakaa kwenye kompyuta za nje ya nchi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima iliyumba. SMS kati ya simu na simu humu nchini haihitaji waya wa baharini, lakini ule mtambo wa katikati unaoamuru SMS zitoke unauhitaji. Kwa hiyo siku mbaya kuliko zote ndiyo siku mtambo unaweza kunyamaza. Lazima abaki binadamu mmoja mwenye orodha na salio. CR tusimfukuze kazi, tumpunguzie mzigo tu, maana sasa hivi anatumia vocha yake mwenyewe kutangaza shughuli za chuo, na hakuna anayemrudishia.

La pili, orodha ya namba zetu ni mali. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inagusa pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo siyo kila mtu mwenye kompyuta mpakato anaweza kuchukua namba 300 za wanafunzi na kuzipandisha kwenye mtambo wa Marekani kwa kuwa amejifunza jana YouTube. Mwanafunzi aombwe ridhaa, aambiwe namba yake itatumika kwa nini, na akimaliza chuo ifutwe. Vinginevyo tutaanza kutumiwa matangazo ya mikopo ya haraka na hatutajua nani katuuza.

La tatu ni matapeli. Nchi hii kila mwenye simu ameshaombwa "ile hela" aitume kwenye namba nyingine. Wakijua chuo kinatuma SMS, na wao watatuma: lipa ada ya mtihani hapa, haraka. Dawa yake ni jina la mtumaji. Kampuni za SMS zinasajili jina lisilozidi herufi 11, na ujumbe unaingia kwa jina hilo badala ya namba. Chuo kisajili jina moja, kituambie mapema, na kitamke wazi kwamba jina hilo halitaomba hela wala nywila hata siku moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu, na yote yanawezekana kabla ya muhula ujao. Badiliko lolote la muda wa kipindi cha mtandaoni litoke kwa SMS, siyo kwa WhatsApp peke yake. Ujumbe huo uulize na upokee jibu, na jibu lifike kwa mhadhiri. Na somo lolote lenye maksi lisifanyike kwa muda mpya kama mwanafunzi hajafikiwa. Hilo la tatu halihitaji Zapier wala Make. Linahitaji saini ya mtu mmoja ofisini.

Wenye vyuo vingine, Mbeya, Iringa, Mtwara, hebu nielezeni kwenu mnafanyaje. Na wale mnaosoma haya mkiwa juu ya kilima mnatafuta mtandao, poleni, shukeni salama.

Nawasilisha.